Jikoni, Dakika ya 42

Katika kila nyumba inayotazama mpira kuna watu wa aina mbili: wanaoona bao na wanaolisikia. Wanaoona wako kwenye makochi, wengine sakafuni, wengine wamebanana mlangoni. Anayelisikia yuko jikoni, mafuta yamechemka, bhajia ziko ndani ya karai na hawezi kuziacha ziungue. Kelele ikilipuka sebuleni, yeye huuliza, "Nani? Nani?" Na mara nyingi hajibiwi, kwa sababu wenzake bado wanarukiana.

Mamangu amesikia mabao mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nyumbani kwetu Mombasa, siku ya mechi kubwa, baba na wajomba na majirani wawili watatu walijaa sebuleni, na mama alianza kukaanga saa nzima kabla ya kipenga. Sambusa, viazi karai, katlesi, na bakuli la ukwaju wenye pilipili mbuzi za kumtoa mtu jasho puani. Baada ya miaka mingi alikuwa ameujua mpira kwa masikio. Kelele ikipanda polepole halafu ikatike, hilo ni shuti limetoka nje. Kelele ikilipuka halafu igeuke matusi, hiyo ni ofsaidi. Bao ni ile kelele inayofuatwa na kiti kuanguka. Alikuwa anakisia tu, na hakuwa anakosea sana.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nakunja sambusa, napeleka sinia, narudi. Siku moja nilikawia kidogo sebuleni, nikapiga kelele kama wenzangu mpira ulipogonga mwamba. Jirani mmoja akanigeukia: "We mtoto, pilipili usozila zakuwashiani?" Yaani, mpira unakuhusu nini? Alisema hivyo huku anachovya sambusa yake kwenye pilipili niliyoitwanga mimi.

Sasa naishi Nairobi, kwenye nyumba ya kupanga huku South B, na jikoni mwangu watu wawili hawawezi kupishana. Agosti 2025 CHAN ilipokuja nyumbani, sisi tukiwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, tiketi za Kasarani sikupata. Lakini nina televisheni kubwa, tena ni mtu wa Mombasa, kwa hivyo marafiki zangu walichukulia tu kwamba mechi zitatazamwa kwangu na mimi nitapika. Hakuna aliyeuliza. Mtu alituma mia tatu kwa M-Pesa na ujumbe: "Ya viazi."

Agosti 3 tulicheza na DRC. Watu kumi na wawili sebuleni. Dakika ya 40 niliinuka kwenda kupasha mafuta ili mapumziko yakifika bhajia ziwe tayari. Austin Odhiambo alifunga katika dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza. Nilisikia kelele, nikasikia kiti kikianguka, nikaita, "Nani? Nani?" Ilikuwa sauti ya mamangu kabisa, imetoka kinywani mwangu.

Usiku ule, nikiosha sufuria, nilipiga hesabu. Mechi ni dakika 90 na mapumziko ni dakika 15. Wote wanataka kula ndani ya zile 15. Ukitaka chakula kitoke kwenye mafuta wakati huo, lazima uingie jikoni dakika ya 35 au 40, na ukishakusanya sahani utarudi kukaa dakika ya 50. Hapo umepoteza dakika za mwisho kabla ya mapumziko na za mwanzo baada yake, wakati ambapo mabeki wamechoka au bado hawajaamka. Yaani mpishi anafukuzwa sebuleni wakati mambo yanapokuwa moto.

Nikaweka sheria, nikaituma kwenye grupu ya WhatsApp: kipenga kikilia, gesi inazimwa. Hakuna kinachopikwa wala kuoshwa mpaka mechi iishe. Mtu akauliza, "Kwa hivyo hatutakula?" Nikamwambia mtakula, tena vizuri kuliko leo.

Siri ni kuchagua chakula kinachojua kungoja. Vya kwanza ni vile visivyotaka moto siku ya mechi. Kachri za muhogo, zile nyembamba kama zinazouzwa Lighthouse kule Mombasa, unanyunyiza pilipili ya unga na kukamulia ndimu. Karanga zilizokaangwa jana yake na chumvi. Mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, kama ya pale steji. Mabuyu kwa wale ambao wakiingiwa na wasiwasi lazima wawe na kitu cha kumumunya.

Kisha ukwaju, ambao unapikwa Ijumaa na kufika Jumapili umekolea zaidi. Robo kilo ya ukwaju naloweka kwenye vikombe vitatu vya maji ya moto kwa nusu saa, nafikicha kwa mkono, nachuja kokwa na nyuzi. Maji yale yanarudi motoni na thomu iliyotwangwa, chumvi, kijiko cha sukari na pilipili mbuzi mbili. Unachemka mpaka unashika kijiko. Mbili zinatosha. Niliwahi kutia tano, na rafiki yangu mmoja aliyejigamba kwamba kwao hula pilipili kama tunda alimaliza chupa mbili za soda bila kupoa. Kinachowasha kwenye pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Kinayeyuka kwenye mafuta. Maji na soda vinakitembeza tu mdomoni. Kinachosaidia ni maziwa, na siku hizi siku ya mechi friji yangu haikosi pakiti mbili za mala.

Mwisho ni sambusa, na hapa ndipo kazi ilipo. Nyama ya kusaga naipika na thomu, tangawizi, pilipili na ndimu mpaka ikauke kabisa. Kitunguu na dania natia nikishaepua. Inapoa kwanza. Ikiingia kwenye manda ikiwa na maji au moto, manda inalowa na sambusa inapasukia kwenye mafuta. Nakunja Jumamosi, sitini hivi, nazipanga kwenye sinia ndani ya friza zisishikane. Jumapili asubuhi nazikaanga mara ya kwanza kwa moto wa wastani, nazitoa zikiwa bado nyeupe-nyeupe. Saa nane na nusu zinarudi kwenye mafuta yenye moto zaidi, kwa dakika mbili tu. Ule mkaango wa pili unamaliza unyevu uliobaki kwenye manda, ndiyo maana zinavunjika mdomoni hata baada ya saa nzima. Usizifungie kwenye hotpot, mvuke utazilainisha. Zitandaze juu ya karatasi, kisha nenda ukakae.

Viazi karai nilivitoa kwenye orodha. Ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Lakini kiazi karai kinataka kuliwa kikitoka kwenye mafuta, na hiyo ina maana mtu lazima asimame pale.

Wiki hiyohiyo mama alipanda SGR kuja kumwona mjukuu wake, mtoto wa dadangu, na Jumapili ya Agosti 10 akaja kwangu akiwa na mfuko mzima wa kachri. Tulikuwa tunacheza na Morocco, saa tisa. Akaingia jikoni, akafunua kila sufuria.

"Viazi karai viko wapi?"

"Leo hakuna, mama."

"Wageni watakula vitu baridi? Mwanangu, si aibu hiyo?"

"Sambusa zina moto."

Akaigusa moja kwa kidole. "Zina joto," akasema. "Moto ni kitu kingine."

Nilimweka kwenye kochi, katikati, mahali pazuri kuliko pote. Alikaa ukingoni, kama mgeni aliyeambiwa chai inakuja lakini ana basi la kuwahi. Dakika ya 38 akaanza kuinuka.

"Unaenda wapi?"

"Kuwapashia. Si karibu wanapumzika?"

"Kaa, mama. Tafadhali. Gesi imezimwa."

Akakaa. Dakika ya 42 Ryan Ogam akafunga. Mnajua ilivyokuwa, mlikuwa mahali fulani nyinyi pia. Kwangu soda ilimwagika kwenye zulia, kiti kikaanguka, mdogo wangu wa kiume akamkumbatia mtu ambaye hakuwa anamjua jina. Mama hakuruka. Aliitazama televisheni, halafu akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayelinganisha sura na sauti alizokuwa anazijua tu kwa simu.

"Kumbe ndivyo," akasema. "Nimezoea kuona yale ya kurudiwa. Haya yanakuja bila kubisha hodi."

Ningependa kuwaambia kwamba aliendelea kukaa pale mpaka mwisho. Kabla ya mapumziko tukapata kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili tukacheza na watu 10. Hata mimi nilikuwa natazama kupitia vidole. Dakika ya 60 hivi niligeuka nikaona nafasi yake iko wazi.

Alikuwa jikoni. Gesi haikuwashwa. Alikuwa anafuta karai ambalo lilikuwa safi tayari, ameegemea ukuta unaopakana na sebule.

"Mama, rudi bwana."

"Niache. Kule moyo unanienda mbio. Huku najua kinachoendelea." Kelele ikapanda sebuleni, ikakatika. "Hiyo imetoka nje," akasema, bila kuacha kufuta.

Nilichungulia. Ni goli kiki.

Miaka yote nimeiona ile jiko ya Mombasa kama mahali alipofungiwa wakati sherehe ikiendelea upande wa pili wa ukuta. Na alifungiwa, hilo sirudi nyuma. Hakuna aliyewahi kumwambia njoo ukae. Lakini mtu akikaa mahali miaka thelathini huwa anajitafutia dirisha, na dirisha lake lilikuwa sikio. Alikuwa na mpira wake mwenyewe kule ndani, ambao baba na wajomba hawakuwa wanaujua. Sikuona haja ya kumvuta arudi kwenye kochi ili nijisikie nimemkomboa. Tofauti ilikuwa moja, na kwangu ilitosha: hakuna aliyekuwa anamngojea alete sinia. Alienda jikoni kwa sababu alitaka.

Tulishinda 1-0. Aliijua filimbi ya mwisho kabla sijamwita.

Tukawafunga Zambia 1-0 Jumapili iliyofuata, Ogam tena, dakika ya 75, na kwa mara ya kwanza tukafika robo fainali ya CHAN. Mama alikuwa amesharudi Mombasa. Mechi ya Madagascar ilikuwa Ijumaa, Agosti 22, jioni, na Ijumaa watu wanatoka kazini na foleni ya Mombasa Road haina huruma. Zamu ya kupika ilikuwa ya mdogo wangu. Ndiyo, tuna zamu sasa. Alilalamika wiki nzima kwamba hajui kukunja sambusa, nikampigia mama simu ya video, akamfundisha kwa saa moja na nusu, akimwambia, "Kunja kama unakunja barua, si kama unafunga mtoto nepi." Zilitoka na maumbo ya kila aina. Nyingine zilifanana na Lamu, nyingine na Turkana. Lakini alikuwa amekausha nyama, na hakuna hata moja iliyopasuka.

Alphonce Omija alifunga dakika ya 48. Hebu fikiria: dakika ya 48. Zamani hapo ningekuwa nakusanya sahani. Sahani zilikuwa sakafuni, chafu, na sote kumi na watatu tuliona mpira ukiingia. Baadaye wakasawazisha kwa penalti, tukaingia muda wa ziada, halafu mikwaju ya penalti. Wakashinda 4-3.

Ukitaka kujua ukimya ni nini, kaa na watu kumi na watatu baada ya hapo. Mtu alikuwa na sambusa mkononi, ameing'ata nusu, na ile nusu nyingine ikabaki hivyo. Mdogo wangu akainuka, akakusanya sahani, akaanza kuosha bila kuambiwa.

Simu ikalia. Mama.

"Wamekula?"

"Hawana hamu. Uliona?"

"Niliona bao la yule kijana. Penalti za mwanzo pia niliona." Akanyamaza kidogo. "Za mwisho nilienda jikoni."

"Kufanya nini?"

"Hakuna. Kusimama tu."

Nikamwuliza baba yuko wapi. Akasema baba alikuwa amesimama pale pale karibu naye, mlangoni mwa jikoni, mgongo kwa televisheni, na kila kelele ilipotoka kwa jirani alikuwa anamwuliza, "Hiyo ni nini? Hiyo ni yetu au yao?" Naye alikuwa anamwambia.

Sambusa kumi na moja zilibaki. Tulizila Jumamosi asubuhi kwa chai, baridi kabisa, na hakuna aliyelalamika.