Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanafunzi

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu wengi hapa Mikese, na majuto ninayo pia.

Mwaka 1978, nikiwa bado mwalimu kijana, nilimkuta msichana wa kidato cha pili akisoma Rosa Mistika chini ya dawati. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Nilimnyang'anya, nikamwandikia baba yake barua. Baba alikuja, akamchapa mbele yetu, akaondoka naye. Kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma.

Nilikisoma usiku ule kwa mwanga wa chemli, nikitarajia uchafu. Nilimkuta Zakaria, baba mlevi, anayempiga bintiye Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa analindwa kwa fimbo, hafundishwi kujilinda. Akiwa mbali na macho ya baba, hana ngao yoyote. Hata katika chuo cha ualimu, mkuu wa chuo mwenyewe anakuwa miongoni mwa wanaomharibu. Mwisho anajiua. Nilikifunga kitabu nikijiuliza: katika hadithi hii, mimi ni nani?

Tangu hapo nilimfuata mwandishi huyu, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kwao akiwa kama mgeni. Ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo (1975), kisha Gamba la Nyoka (1979) kuhusu vijiji vya ujamaa. Nagona na Mzingile, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni fumbo tupu. Nilizisoma mara tatu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Botswana, akafariki Januari 2020.

Wengi walisema anakatisha tamaa. Mimi namwona kama mtu aliyetuuliza sisi wazazi na walimu: vijana hawa mliwalea ninyi, mbona wanaangamia?

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwombea yule msichana arudi shuleni. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa. Baba yake alinishukuru kwa kumlinda bintiye. Sikuwa na la kujibu.

Kitabu kile bado kimo kabatini mwangu. Msomaji mpenzi, ukimkuta mtoto na kitabu usichokijua, kisome kwanza, kisha mkae mzungumze.