Matofali Hayo Usiyaharakishie Rangi

Tanga, 9 Mei

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameshazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba umepata nyumba ya zamani Lushoto yenye meko ya kuotea moto. Picha nimeziona. Umeniuliza rangi gani nyeupe itayafanya meko hayo yaonekane ya kisasa. Mteja ningemjibu kwa neno moja. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo utasoma ukurasa mzima.

Tofali la kuchoma hunywa. Ukilipaka rangi ya kopo inazama kwenye vitundu vyake, na siku ukiichoka hakuna msasa wala dawa ya kubandulia itakayokurudishia tofali ulilolikuta. Isitoshe, chumba chako kina giza kwa sababu kuta ni za kahawia na dari ni mbao nyeusi. Meko hayana kosa. Anza na kuta: zipake rangi ya maziwa, kaa nazo kipupwe hiki chote, kisha uyatazame upya matofali. Mimi nayapenda yalivyo. Yamefyatuliwa kwa mkono, hakuna mawili yanayolingana.

Ukishikilia, basi tumia chokaa. Huku pwani majumba yalipakwa chokaa ya matumbawe karne nyingi kabla ya makopo kufika, na huko milimani nayo inafaa, kwa kuwa inaacha ukuta upumue. Maji yakipenya dohani, rangi ya plastiki huyafungia ndani, halafu yenyewe inavimba na kubanduka. Chokaa huvuta hewa ya ukaa taratibu na kugeuka jiwe juu ya tofali. Tena ukijuta mapema, siku za mwanzo unaweza kuisugua kwa maji na brashi ikapungua sana.

Kazi yenyewe iko kwenye masizi. Yaondoe kwanza makavu, kwa brashi, kwani ukianza na maji utayasukuma ndani ya tofali. Ndipo uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, usuuze, uache pakauke. Asikudanganye mtu kumwagia asidi. Hiyo inakula udongo wa viungo. Safu ya juu ya mdomo wa meko, ile iliyopigwa moshi miaka yote, ningeiacha bila kupaka: doa la masizi hupenya chokaa, na rangi ya maji pia, likarudi la manjano. Anayelazimisha rangi ya kopo hana budi kutanguliza praima ya mafuta ya kuzuia madoa.

Moshi ukirudi sebuleni, mwite fundi azibue dohani kabla ya kununua brashi yoyote. Ndege hupenda kujenga viota humo, na hewa ya moto uliokosa pa kutokea inaua watu usingizini. Ndani panapokaa kuni usipake kitu. Rangi ya kawaida itaungua na kunuka.

Najua unataka kumaliza kabla ya baridi ya Juni, lakini masika haijaisha. Ili kujua kama matofali yamekauka, bandika kipande cha nailoni juu yake, uzibe kingo zote kwa tepu, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ngoja.

Siku ya kupaka, lowesha matofali kidogo, koroga chokaa iwe nyepesi kama tui la pili, upake mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kwanza. Mbichi itaonekana kama hujapaka kitu. Usiongeze kwa hasira, inakuwa nyeupe ikikauka. Vaa glavu na miwani, maana chokaa inaunguza macho vibaya.

Mfuko wa chokaa usinunue huko. Nitakupakilia kwenye basi, pamoja na ile brashi yangu pana. Hiyo brashi naitaka irudi.

Wasalaam,
Mjomba wako