Niliandika Nusu

Nilikuwa karani wa ami yangu. Alikuwa na boti ya mbao ya mizigo iliyotoka Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, na unga na mabati. Kosa ninaloliungama hapa si la nahodha wala la bahari. Ni langu, na nililifanya nimekaa kitini, kalamu mkononi, katika chumba kimoja nyuma ya Darajani.

Fomu ya bima iliuliza thamani ya chombo. Fundi alikuwa ametukadiria shilingi milioni 120. Nikaandika milioni 60. Ada ikashuka nusu, tukabakiwa na milioni 1 na laki 8 kila mwaka. Ami alipouliza imekuwaje, nikamjibu, "Nimezungumza nao vizuri, ami." Akanisifu mbele ya watu, nami nikanyamaza.

Nilijiona mjanja zaidi ya hapo. Niliamini kwamba chombo kikiandikwa kwa thamani ndogo, na deni nalo litakuwa dogo siku tutakapoharibu mali ya watu. Nilikuwa nimesikia kisa cha meli ya Titanic: baada ya kuzama mwaka 1912, wenye meli walikwenda katika mahakama za Marekani kuomba wasidaiwe zaidi ya kilichosalia, yaani mashua za kuokolea watu pamoja na nauli, kiasi cha dola 92,000. Nikadhani nimeipata siri ya matajiri. Sikujua kwamba hata ile sheria ya Marekani ya 1851 hupima chombo chenyewe, haipimi fomu. Wala sikujua kwamba mkataba wa kimataifa wa 1976 huweka ukomo wa madai kwa tani za chombo, bei yake haiulizwi.

Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi. Maiti 203 zilipatikana, na waliokuwamo walizidi mno idadi iliyoruhusiwa. Barazani nililaani pamoja na wenzangu: watu gani hawa wanaoandika idadi nyingine na kupakia nyingine? Fomu yangu ya pili ilikuwa mezani wakati huo, na milioni 60 zilezile. Sikuona kufanana kokote.

Kusi lililofuata, injini yetu ilizima karibu na Tumbatu, upepo ukaitupa boti juu ya mwamba. Meli ndogo ya chuma iliyokuwa ikipita ikaitikia wito. Manahodha wakaelewana redioni kwa desturi ya zamani ya bahari: mkituokoa mtalipwa, msipotuokoa hamna mnachotudai. Mabaharia wetu 7 walitolewa kwanza, na hakuna aliyedaiwa chochote, kwani mkataba wa uokozi wa 1989 haumtozi mtu kwa roho yake. Maji yalipojaa, boti ikavutwa ikatoka, ikafikishwa Malindi inavuja lakini inaelea.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma nilichopaswa kusoma mapema. Malipo ya mwokozi hukadiriwa kwa thamani ya kilichookolewa, pale kilipofikishwa salama, kisha hutazamwa ukubwa wa hatari, ustadi, muda na gharama alizoingia. Hayawezi kuzidi thamani hiyo. Wakaguzi waliikagua boti na majeraha yake wakasema milioni 100. Hawakuniuliza niliandika ngapi. Fungu la boti katika malipo likawa milioni 25, na wenye mabati wakabeba lao kwa thamani ya mali yao.

Nikaenda kwenye bima nimetulia. Afisa akaifungua sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya 1906, ambayo masharti yetu yaliandikwa kwa kuifuata, akapiga hesabu mbele yangu. Kilichookolewa ni milioni 100. Mmekata bima ya 60. Basi katika kila 100 mtakazodaiwa sisi tutalipa 60, na 40 zilizobaki nyinyi wenyewe ndio bima yenu. Wakatoa milioni 15. Zikabaki 10.

Nikakumbuka ule ukomo wa madai, nikasema angalau huo utatufaa. Haukutufaa. Mkataba wa 1976 wenyewe umeyatoa madai ya uokozi nje ya ukomo: aliyekuokoa humwekei dari. Nilikuwa nimeokoa milioni 3 na laki 6 kwa miaka 2, na siku moja ikadai milioni 10. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia Tumbatu.

Ami aliuza kiwanja chake cha Fuoni. Usiku wa siku alipotia saini nilimfuata nikamweleza yote, fomu ya kwanza na ya pili. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua chombo changu ni milioni 120. Aliyekipunguza ni wewe." Hakuniambia neno jingine, na mwaka uliofuata alijaza fomu mwenyewe.

Bima haikutudhulumu, wala mwokozi. Kila mmoja alihesabu kilichokuwapo. Aliyehesabu kisichokuwapo nilikuwa mimi. Wewe mwenye chombo, ikiwa una karani anayekuletea ada nafuu kuliko ya jirani yako, usimsifu kwanza. Mwambie alete fomu, uisome thamani aliyoiandika kabla hujatia saini.