Diwani, Shiraz na neno ridhaa

Hapa Mkonze tuna diwani, kama kata nyingine zote za Dodoma. Tunamlalamikia maji, tunamlalamikia barabara, na akija msibani tunampisha kiti cha mbele. Wachache wanajua kuwa cheo chake kina asili ya Kiajemi, na kwamba karne nyingi kabla ya halmashauri kuwepo, watawala wa miji kadhaa ya pwani kama Vumba walijiita madiwani. Serikali nalo ni neno la huko huko. Bandari, bima, pamba na dirisha, vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa Mkonze akifungua dirisha asubuhi na kuanza kuisema serikali, tayari ametumia Kiajemi mara mbili, na chai hajanywa.

Ninayasema haya kwa sababu ya swali moja ambalo mzee jirani yangu huniuliza kila Iran inapotajwa kwenye taarifa ya habari: "Sasa mwanangu, hawa Wairani wanatuhusu nini sisi Wagogo?"

Wanatuhusu, Mzee. Hebu nijaribu kueleza.

Makao makuu ya CCM yako hapa Dodoma. Chama hicho kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU ilipoungana na ASP ya Zanzibar. Ile S katikati ya ASP ni Shirazi, na Shiraz ni mji wa Iran. Ndiyo kusema jina la mji wa Kiajemi limo kwenye ukoo wa chama kinachotawala Tanzania. Shuleni tulikariri kirefu cha ASP ili tujibu mtihani, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia Shirazi ni nini.

Washirazi ni watu wa visiwani na pwani wanaosema kuwa baadhi ya wazee wao walitoka Uajemi. Simulizi za Kilwa zinataja majahazi saba. Wasomi wengi waliziona simulizi hizo kama majivuno tu ya watu waliotaka kujitenga na Uafrika. Kisha Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania. Matokeo? Kuanzia karibu mwaka 1000 kulikuwa na mchanganyiko wa damu kati ya Waafrika na watu kutoka Asia, hasa Uajemi. Upande wa kikeni asili ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na upande wa kiumeni Uajemi ulionekana sana. Simulizi za wazee zilikuwa na ukweli ndani yake, ila zilimtaja zaidi baba na kumsahau mama. (Hilo la kumsahau mama lishikeni, nitalirudia.)

Mkoloni Mwingereza alipokuja kuhesabu watu Zanzibar, aliwapanga kwa mafungu: Mzungu, Mwarabu, Mhindi, Mwafrika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mafungu hayo. Fungu lako ndilo lililoamua utakula nini. Katika mazingira hayo, kujiita Mshirazi kulikuwa njia ya mtu kusema kwamba yeye ni mwenyeji wa hapa na hakuletwa na mtu. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi zikaungana, ikazaliwa ASP. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi Washirazi wakajitoa na kuunda ZPPP ya Mohamed Shamte, ambayo baadaye ilishirikiana na ZNP kuunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Septemba 1970 wasichana 4 wa Zanzibar wenye asili ya Iran waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Mapinduzi. Ndugu zao waliojaribu kupinga walitiwa ndani. Dunia ilipopiga kelele, Mzee Karume alijibu kwamba enzi za utawala wa kisultani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria bila kuwaoa, sasa zamu imegeuka. Karume wakati huo alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania nzima, kwa hiyo sisi wa bara hatuwezi kusema hayo yalikuwa mambo ya visiwani.

Dhuluma aliyoitaja Karume ilikuwepo kweli, hakuna wa kuifuta. Ila msichana wa 1970 hakuwa amemiliki suria yeyote. Alidaiwa deni la wanaume waliokufa, akalipishwa kwa mwili wake. Na chama kilichofanya hivyo kilibeba jina la mji wa mababu zake.

Ukitazama Iran yenyewe, unakuta jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawavua wanawake barabarani kwa jina la maendeleo. Baada ya Mapinduzi ya 1979 upepo ukageuka. Tarehe 8 Machi mwaka huo maelfu ya wanawake wa Tehran waliandamana kukataa kulazimishwa kuvaa, na wengi wao walikuwa wameshiriki kumwondoa Shah. Hawakusikilizwa. Mwaka 1983 sheria ikaweka adhabu ya viboko. Umri wa msichana kuolewa, ambao sheria ya 1975 iliupandisha hadi miaka 18, ulishushwa hadi 9, na mwaka 2002 ukawekwa 13. Halafu Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, akafia mikononi mwa dola baada ya kukamatwa kwa sababu ya hijabu, na nchi ikawaka.

Shah alimvua, Maayatola wakamvisha. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Ndugu zangu, kabla hatujawacheka Wairani, tujitazame. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1971, miezi michache tu baada ya mambo ya Zanzibar. Kifungu cha 16 kinasema wazi kuwa hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Kizuri sana. Lakini kifungu cha 13 cha sheria hiyo hiyo kiliruhusu msichana aolewe na miaka 15, mvulana 18. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Wanaotunga na kurekebisha sheria hukaa hapa Dodoma, mwendo mfupi tu kutoka Mkonze.

Mtoto wa miaka 15 anaridhia nini? Anajua nini cha kukataa, na akikataa anakwenda kwa nani? Nimehudhuria sherehe za kumtoa binti ambapo mahari ilijadiliwa asubuhi hadi jioni, ng'ombe mmoja mmoja, na jina la binti likatajwa mara mbili.

Basi Mzee wangu, hilo ndilo jibu langu. Wairani wanatuhusu kwa diwani, kwa serikali na kwa ile S ya ASP. Wanatuhusu zaidi kwa swali ambalo Tehran, Unguja na Dodoma zote zimelikwepa kwa zamu: binti mwenyewe amesemaje?

Na wajukuu zako wa kike, Mzee, umewahi kuwauliza?