Jumba la Balinakill na Fedha za Sultani

Magharibi mwa Uskoti ipo rasi ndefu na nyembamba iitwayo Kintyre, na katika rasi hiyo, karibu na kijiji cha Clachan, limesimama jumba la mawe la Balinakill. Jina lake ni la Kigaeli, na maana yake ni kitongoji cha kanisa. Wapenzi wa usanifu hulihesabu miongoni mwa majumba ya kibwanyenye ya mwishoni mwa karne ya 19; baadaye liligeuzwa hoteli. Mimi naona kuwa historia yake ni sehemu ya historia ya Mombasa na Zanzibar, na nasikitika kwamba wanafunzi wetu humaliza shahada bila kulisikia hata kwa jina.

Mwenyewe alikuwa William Mackinnon, aliyezaliwa mwaka 1823 katika mji mdogo wa Campbeltown, kusini mwa rasi iyo hiyo. Hakuzaliwa bwana. Alianzia kazi dukani, akaenda India mwaka 1847, akafanya biashara Bengali, na kuanzia 1856 akaanzisha shirika la meli za moshi ambalo lilikuja kujulikana kwa jina la British India. Meli hizo zilibeba barua, nguo, mahujaji na wanajeshi. Mwaka 1872 zikaanza kuleta barua za serikali Zanzibar kutoka Aden. Kwa utajiri huo Mackinnon alinunua ardhi nyumbani kwao, Balinakill na Loup, maana katika Uskoti ya wakati ule fedha za ng’ambo hazikumpa mtu heshima kamili mpaka zigeuke mashamba. Alipopewa cheo cha ubaroneti mwaka 1889, jina la Strathaird liliingizwa katika cheo chake. Strathaird, katika kisiwa cha Skye, ni ardhi ya kale ya ukoo wa Mackinnon. Mwana wa Campbeltown alikuwa amejirudishia usultani mdogo wa mababu.

Niwapo darasani na kulisimulia jumba hili, aghalabu mwanafunzi mmoja husema kwamba kila jiwe lake ni pembe ya ndovu yetu. Kauli hiyo inavutia, lakini si kweli. Jumba lililipiwa na meli za India. Afrika Mashariki ilimletea Mackinnon hasara, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kibaya zaidi.

Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliompa Mackinnon na wenzake mamlaka juu ya pwani, kutoka mto Umba hadi Kipini, kwa miaka 50. Septemba 1888 wakapata hati ya kifalme, na kampuni ya IBEA ikazaliwa. Mackinnon akawa mwenyekiti wake. Kampuni ilitoza ushuru wa forodha Mombasa, ikachonga barabara kuelekea bara, ikamtuma Lugard Uganda, ambako Januari 1892 bunduki zake ziliamua vita vya Mengo. Vita na wapagazi vilikula fedha ambazo biashara haikuzirejesha. Wenye hisa hawakuwahi kuona gawio.

Mwaka 1890 Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani marki milioni 4, yaani pauni 200,000 hivi, kwa pwani ambayo leo ni ya Tanzania Bara. Fedha hizo zilikuwa bei ya nchi aliyoipoteza. Mwaka uo huo Zanzibar yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, ambao ni ulinzi wa namna yake. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilipoamua kuichukua nchi kutoka kwa kampuni, wenye hisa walilipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 50,000 zilitoka hazina ya London. Zilizobaki, 200,000, zilitoka katika fedha za Sultani.

Tuisome hesabu hii polepole. Zanzibar ilipoteza pwani ya kusini ikalipwa. Kisha malipo yale yale yakatumika kuwafidia matajiri walioikodi pwani yake ya kaskazini, na pwani hiyo nayo ikaendeshwa na Uingereza. Tangu hapo Zanzibar ilikuwa ikipewa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 zikiwa kodi ya pwani, na 6,000 zikiwa riba ya fedha yake yenyewe. Malipo hayo yalidumu mpaka 1963.

Haki itendeke: Mackinnon hakuishi kuona fidia hiyo. Pia yeye na wenzake ndio walioanzisha mwaka 1891 misheni ya Kiskoti ya Kibwezi, ambayo baadaye ilihamia Kikuyu, na wapo Wakenya wengi wanaolitaja kanisa lililotokana nayo kwa shukrani. Siwalaumu. Alifariki London Juni 1893, akazikwa Clachan, karibu na jumba lake.

Barabara yake imetuachia jina la mji, Mackinnon Road, njiani kati ya Mombasa na Voi. Madereva wengi husimama hapo, lakini kwa ajili ya msikiti ulio kando ya reli, wenye kaburi la Seyyid Baghali. Hushuka, husoma dua, hutoa sadaka, kisha huendelea na safari.