Vidonge vya Mguu



Sisi wa darasa la 6 tunaandika habari hii kwa haya, kwani kosa lilitokea katika dortuari yetu, na sisi njo wakubwa wa chumba.

Mwenzetu mmoja alivunjika mguu katika mpira. Kule hospitali munganga alimwandikia tramadol, vidonge vya miligramu 50. Maumivu yakapungua mbele vidonge havijaisha, na vile vilivyobaki vikakaa katika valizi yake kama sukari ya kukopeshana.

Usiku mmoja mdogo wetu wa darasa la 4 alilia jino. Enfirmie alikuwa amekwisha kurudi kwake. Tukampa kidonge kimoja. Jino likauma bado, tukaongeza viwili. Tena mmoja wetu (hatumtaji, anajijua) akampa dawa ya usingizi aliyoitoa kwao. Tulisema moyoni: dawa ya munganga si bangi, itamdhuru namna gani?

Kijana akalala, tukafurahi. Kumbe! Katikati ya usiku tukasikia anakoroma vibaya, kisha kimya, kisha pumzi moja, kisha kimya tena. Tulimtikisa, hakuamka. Midomo yake ilikuwa kama majivu. Na hapa njo aibu yetu kubwa: tulibishana. Wengine walisema tukimwita mtu, Bwana Prefe atatufukuza wote mbele ya mtihani wa Serikali. Tukamwagia mtoto wa watu maji, tukangojea. Karibu nusu saa ikapotea hivi.

Mwishoni wawili walikimbia kwa enfirmie. Hakuuliza nani amefanya. Aliuliza: "Amemeza nini? Ngapi? Saa ngapi?" Akamlaza kwa ubavu, akatuma gari litafutwe. Hospitali walimpa oksijeni, wakamlinda mpaka kesho yake jioni.

Kisha enfirmie alikuja kutufundisha. Tramadol ni ya jamaa ya morphine. Inatuliza maumivu katika bongo, lakini bongo ile ile njo inakiamuru kifua kipumue. Dawa ikizidi, ao ikikutana na pombe ao dawa ya usingizi, amri ile inalegea. Tramadol inaweza pia kuleta kifafa. Hata mtu mkubwa hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku, na wengi wanaandikiwa chini ya hapo. Mwenye kuimeza siku nyingi, mwili unazoea. Asiiache kwa ghafula bila munganga. Iko dawa ya kurudisha pumzi, jina lake naloxone, lakini dispansere yetu haina. Hakusema tramadol ni mbaya, hapana. Yule wa mguu bila hiyo hangelala hata saa moja. Ila iliandikwa kwa mguu wake, kwa kilo zake, kwa siku zilizohesabiwa.

Vidonge 11 vilivyobaki tulivihesabu mbele ya Bwana Prefe, vikarudishwa kwa farmasi ya hospitali. Sasa dawa ya kila mwanafunzi inakaa kwa enfirmie, katika sanduku la kufuli, na jina juu yake. Hatukufukuzwa, tulipewa majuma matatu ya kufyeka majani, na kweli majani yalikuwa mengi.

Jino liling'olewa Alhamisi iliyofuata. Mdogo wetu anatusalimu bado. Lakini tukimpa hata bonboni, anauliza kwanza ni ya nini.