Shamba la Marehemu Baba Yako

Rumonge, Julai 2025

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila magoti ya mama yako bado yanamuuma. Ninayoandika nimeyasikia kwa wauza ndagala, si kinywani mwako: kwamba huko Buyenzi, Bujumbura, umepata mnunuzi wa shamba la michikichi, na ukishika pesa unavuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania. Kisa, matokeo ya uchaguzi wa wabunge wa tarehe 5 Juni.

Uchungu wako naujua. Chama kimoja kimebeba viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Hata mimi nilizima redio. Juni 1993 Ndadaye alimshinda Rais Buyoya kwa kura, nasi ukimbizini tukacheza ngoma hadi alfajiri. Oktoba wanajeshi wakamuua Ndadaye. Basi usiniambie sijui kuvunjika moyo. Lakini shamba limekukosea nini?

Wewe hukuyaona ya 1972. Vita ilipozuka hapa mwishoni mwa Aprili na jeshi likaanza kuua watu, babu yako alitupakia mtumbwini usiku, sufuria moja na mkeka. Tukakulia ukimbizini Ulyankulu, Tanzania. Baba yako na mimi tuliporudi 2008, tulimkuta kijana juu ya mchikichi alioupanda babu yako, akikata mikungu ya ngazi. Chini mama yake anachemsha mawese kwenye pipa. Hawakuwa wezi. Mzee wao alitoa karatasi ya serikali ya kupewa shamba hilo kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mpaka imetoboka. Tukashtakiana miaka, mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Kisima kikabaki upande wao. Nusu hiyo ndiyo unayoiuza! Baba yako aliipalilia akiwa na homa, na wajomba zako waliotucheka leo wanakuja kuniomba mawese.

Sisi tulikimbia kifo. Kama kuna aliyekutishia, niambie wazi, nami mwenyewe nitakutafutia mtumbwi. Kama ni hasira, ngoja. Wakimbizi wenzetu walioko kambi za Nyarugusu na Nduta huko Tanzania wanasukumwa warudi, wewe uende kulala wapi?

Siasa usiziandike kwenye simu. Swala usiache. Barua yangu ya Ramadhani hukuijibu, na sijasahau.

Hati ninayo mimi, baba yako aliniachia mkononi, na siitoi. Huyo mnunuzi mwambie aje azungumze nami. Wewe njoo Ijumaa. Petroli ikikosekana, omba nafasi kwenye lori la samaki linalorudi Rumonge.

Baba yako mdogo